Ugonjwa Nilionyimwa

Jumatano, 2 Oktoba 2024

Nimekamatwa. Tena kwa uzembe wa mtu mwingine! Pendo wa Madimba, ambaye nilishamkataza kutuma ujumbe baada ya magharibi, ametuma ujumbe baada ya magharibi. Simu ilikuwa mezani. Mke wangu Mwanaisha alikuwa mezani. Mimi nilikuwa bafuni, naimba.

Jina lililotokea kwenye kioo cha simu: Fundi Bomba. Ujumbe: "Nimekumisi mpaka chakula hakipiti." Mwanaisha akaniuliza kwa upole, mlango wa bafu ukiwa wazi kidogo, kwa nini fundi bomba ashindwe kula kwa ajili yangu. Nikamjibu kwamba mafundi wa siku hizi wanajali sana wateja. Jibu zuri kwa mtu mwenye sabuni machoni.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo niliposhtuka. Alinikumbusha tu kwamba mwaka jana kulikuwa na Fundi Umeme wa Nanyamba, na kabla yake Fundi Friji wa Mikindani. Akasema ni ajabu, nyumba yenye mafundi wote hao bomba linavuja, taa ya sebuleni imekufa, na friji hatujawahi kuwa nalo. Kisha akaenda kupasha kisamvu.

Nimekula peke yangu. Kisamvu kilikuwa kitamu. Mwanamke akikasirika na bado akapika vizuri, ujue ameshaamua jambo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Ameamua jambo. Amemwita kaka yake.

Shemeji Omari anauza vipuri vya pikipiki hapa hapa Magomeni, Mtwara. Shingo nene, mawazo membamba. Ameingia bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti changu, akasema Ijumaa ya tarehe kumi na nane kutakuwa na kikao cha familia. Nikiwa na la kujitetea, nilete. Nisipokuwa nalo, dada yake anataka talaka yake, na mimi nitafute pa kulala, kwa sababu nyumba hii aliiacha baba yao.

Kila mara hii habari ya nyumba! Nani alipaka rangi ukuta wa mbele? Mimi. Nusu yake.

Nilimweleza Omari, kwa hekima, kwamba yeye hawezi kuelewa maisha ya mtu anayezunguka vijijini kuuza magunia ya korosho. Barabara ndefu. Upweke. Akaniuliza Madimba ni safari ya siku ngapi. Akasema yeye huenda Madimba na kurudi kabla ya chai ya saa nne, na angependa kujua huo upweke huwa unanishika kwenye kona ipi.

Mtu asiye na hisia kabisa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeokolewa! Na redio ya kinyozi!

Nilikuwa kwenye kiti, upande wa kulia umeshanyolewa, redio inaongea bei ya korosho kama kawaida yake. Mara akaletwa mtaalamu mmoja wa saikolojia. Akasema wapo watu ambao tamaa ya mapenzi imewazidi nguvu. Wanataka kuacha, hawawezi. Hao si wahuni, akasema, ni wagonjwa, na ugonjwa wao siku hizi unatambulika duniani, una jina na una vipimo vyake.

Vijana waliokuwa wanasubiri zamu wakacheka. Kinyozi akacheka mpaka mashine ikamtoka mkononi. Mimi sikucheka. Nilisimama na kile kitambaa shingoni. Miaka yote hii nimejiona mjanja, kumbe mgonjwa! Maskini ya Mungu! Nimeteseka bila kujua!

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, upande wa kushoto haujanyolewa. Mwanaisha alikuwa kwenye cherehani anashona sare za shule. Nikamtangazia hali yangu. Akaniangalia kichwa kwanza. Kisha akauliza ni ugonjwa gani unaojua kubadilisha majina kwenye simu. Nikakohoa. Akauliza ni ugonjwa gani unaojua kuilaza simu kifudifudi. Nikakohoa tena, nikasema hizo ndizo dalili zenyewe.

Nilitegemea kejeli. Lakini aliacha kushona. Alikunja kitambaa, halafu akasema neno ambalo sikulitegemea: "Kama ni ugonjwa, Baba Nasra, nitakuuguza. Taifodi nilikuuguza, na hili nitakuuguza. Lakini ukapimwe. Mimi sitaki ugonjwa wa redio."

Ameingia mwenyewe! Kimebaki cheti tu. Cheti chenye muhuri, na Omari atajua mimi ni nani.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda kliniki moja ya afya ya akili hapa mjini. Sijawahi kuona udanganyifu kama huu.

Nilijiandaa kwa mashine. Nilijiandaa kutolewa damu. Sikunywa hata chai asubuhi. Mtaalamu akawa binti mwenye miwani, anaitwa Rebeka. Nikamwita daktari, akanisahihisha kwamba yeye ni mwanasaikolojia. Nikamuuliza kipimo kiko wapi. Akanipa karatasi na kalamu.

Maswali! Hicho ndicho kipimo! Wanakiita dodoso. Unasoma sentensi, unaweka alama: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara. Hata mwanangu Nasra wa kidato cha pili huletewa mtihani mgumu kuliko huo.

Kosa langu moja ni kwamba yule binti alikuwa amekaa mbele yangu. Mwanamume hawezi kujidhalilisha mbele ya mgeni. "Fikra za mapenzi hunifanya nishindwe kazi." Mimi? Kamwe! Muulize mkulima yeyote wa Nanyamba nani anafikisha magunia kwa wakati. "Baada ya tendo hujiona sina thamani." Kamwe! "Nimejaribu kuacha nikashindwa." Hapa nilifikiri kidogo, nikajibu kwa uaminifu: kamwe. Sijawahi kujaribu.

Muda wote nilikuwa nasubiri swali la idadi. Niliiandaa idadi yangu tangu nyumbani, nimeipanga vizuri kwa vijiji. Halikuja! Dodoso la wanawake lisilouliza wanawake wangapi! Nikamwambia Bi Rebeka wamesahau swali. Akasema hawajasahau.

Akajumlisha. Akasema hakuna dalili.

Nikamwambia ahesabu upya. Akahesabu upya. Bado hakuna. Nikamwambia karatasi yao ni mbovu, na kwamba sikuvaa miwani. Akasema nirudi Alhamisi. Miwani sina. Nimeazima ya jirani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo sikufanya mchezo. Nimevaa miwani ya Mzee Selemani, jirani, ambayo inafanya kila kitu kiwe kikubwa na chenye ukungu, na nimeweka alama ya "kila mara" kuanzia juu mpaka chini bila kupoteza muda kusoma. Nimemaliza kabla kalamu haijapata joto.

Bi Rebeka akapitia. Akaniuliza kama ni kweli kila mara nashindwa kula. Nikasema ni kweli. Akatazama mfuko wa korosho za kukaanga niliokuwa nao mapajani, umebaki maganda. Nikaukunja.

Akaniuliza tena kuhusu sentensi moja ya katikati. Nikasema hiyo hasa ndiyo inanitesa usiku na mchana, ni yangu kabisa. Akanigeuzia karatasi niisome kwa sauti. Imeandikwa: "Kwenye sentensi hii tafadhali weka alama kwenye neno kamwe."

Mtego! Serikalini wangeita hiyo rushwa! Mgonjwa anakuja kutafuta msaada, anategewa kama panya.

Nikamwambia macho yananisumbua. Akasema haya, wiki ijayo tutaongea kwa mdomo, bila karatasi. Yaani dalili lazima nizitoe kichwani. Nimetoka nimenuna.

Lakini nje kwenye benchi nimepata dawa. Kijana wa Kihindi, ana ndevu nzuri na macho mekundu, amekaa ameshika kichwa. Nikamsalimu, nikamuuliza anaumwa nini. Akasita. Nikamwambia bila haya ugonjwa wangu. Akanikamata mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka," akasema, "nilidhani niko peke yangu Mtwara nzima."

Mkono wake ulikuwa na jasho. Lakini nikauacha. Huyu ni mgonjwa halisi, mwenye dalili zote. Nimemwalika chai.

Jumamosi, 12 Oktoba

Chai na Umair, kwenye mgahawa karibu na stendi. Ndilo jina lake. Wana duka la vifaa vya ujenzi Mikindani, yeye na mama yake, Bi Rukiyabai.

Nilimwambia anieleze yote, nami nikawa nayaweka kichwani kama mwanafunzi wa madrasa. Anafunga duka mchana, wateja wamesimama nje na orodha zao za misumari, kwa sababu ameshikwa na lile jambo na hawezi kungoja. Hapati raha. Raha iliisha zamani, akasema, imebaki kwenda tu. Akitoka huko huegesha gari kandoni, njia ya kushuka Mikindani, analia. Amefuta namba. Amevunja simu. Ameapa mbele ya Kaaba. Amerudi palepale. Mchumba aliyekuwa ametafutiwa kutoka Dar, binti anaitwa Ruksana, amemwachia aende bila kumwambia sababu, na mama yake anafikiri amerogwa.

Alieleza yote hayo akiangalia kikombe. Chai ikapoa. Kuna wakati nilisahau hata kukariri.

Hata hivyo, lazima niseme: mtu huyu ana bahati. Dalili zote hizo, kwa umri ule! Anaingia kwa Bi Rebeka anakaribishwa kama mfalme. Mimi nimehangaika Madimba, Mikindani na Nanyamba, sina hata dalili moja ya kuonyesha.

Nimekariri: kulia, kufunga duka, kutopata raha, kuvunja simu. Simu yangu sitaivunja. Ni mpya.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Kliniki imefungwa. Nimefanya mazoezi ya kulia.

Machozi hayaji kwa kuyaita. Nimefikiria msiba wa baba, hayakuja. Nimefikiria kulala Nanyamba kwa mama, yalikaribia. Mwisho nikachukua kitunguu jikoni, nikakikata nusu, nikakaa chumbani mbele ya kioo. Hapo yalimwagika! Nilikuwa najiambia ile sentensi ya raha iliisha zamani, imebaki kwenda tu, na kwa kweli ilipendeza. Nina sauti nzuri ya huzuni.

Mwanaisha akaingia. Kitunguu nikakisukuma chini ya godoro.

Alisimama mlangoni. Nikafikiri amenusa. Kumbe akaja akakaa karibu yangu kitandani, akaniwekea mkono mgongoni. Tangu siku ile ya ujumbe hajanigusa. Akauliza inauma kiasi gani. Nikasema kiasi kikubwa. Akasema, basi kumbe. Akasema kuna siku amekuwa akijiuliza yeye ana kasoro gani, na kama ni ugonjwa basi haikuwa kasoro yake. Akaniletea maji kwenye glasi ya wageni.

Kitunguu kinafanya kazi!

Jioni kanipikia samaki wa nazi. Omari alipita kuchukua pampu ya tairi, akatuona tunakula sahani moja. Nikamwona anavyonuna. Nikamkaribisha kwa sauti kubwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Mahojiano. Nimewasilisha ugonjwa wangu kikamilifu. Nikasema hakuna raha, imebaki kwenda tu. Nikasema naegesha gari kandoni nalia. Nikasema nafunga duka, wateja wako nje na orodha zao za misumari.

Bi Rebeka akaacha kuandika. Akauliza nina gari gani. Sina gari. Akauliza nina duka gani. Nikasema duka la magunia, lakini halina jengo. Akauliza misumari ya nini kwenye magunia. Nikalia. Kitunguu kilikuwa kwenye leso.

Uso wake ukabadilika. Akasema maneno yale yana mwenyewe, na mwenyewe ameyapata kwa shida, na angeniomba nisiyachukue tena. Hakumtaja mtu. Nami sikumtaja mtu. Nikapenga kamasi.

Halafu akasema jambo la maana: mara nyingine, nikiridhia, humwita mke pia, ili asikie upande wa pili. Nimeridhia palepale! Nimetia sahihi! Mwanaisha ameniona nikilia kwa macho yake. Shahidi gani bora kuliko huyo? Hata Omari hawezi kumpinga dada yake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sijui niandike nini. Nimesalitiwa na watu wawili kwa siku moja, na wote wanawake.

Mwanaisha alivaa baibui lake la Idi. Njiani alinishika mkono tulipovuka barabara. Kule ndani akamwambia Bi Rebeka "dada", akamwambia amekuja kujua namna ya kuniuguza. Nikakaa nimejikunja, kama mgonjwa.

Bi Rebeka akamuuliza: "Mama, kuna wakati umemwona anajaribu kuacha, akashindwa?"

Mwanaisha akafikiri. Alifikiri muda mrefu mno. Nikamgusa mguu chini ya meza kumkumbusha, kumbe nimegusa mguu wa Bi Rebeka. Nikaomba radhi.

"Natafuta, dada," Mwanaisha akasema. "Natafuta, sioni." Kisha akaanza kutaja, taratibu, kama anayesoma: "Ramadhani aliacha. Mwezi mzima hakuna safari, hakuna fundi. Mama yangu alipokuja kuuguzwa kwetu, muda wote aliokaa, aliacha. Mwaka ule aliogombea ukatibu wa msikiti, aliacha mpaka matokeo yalipotoka." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Kumbe ukiamua, unaacha, Baba Nasra. Siku zote umekuwa unaweza."

Nikasema ugonjwa unaheshimu wakwe. Hakuna aliyecheka.

Bi Rebeka akaweka kalamu chini. "Bwana Zuberi," akasema, "dodoso halipimi dhambi, na halihesabu wanawake. Linapima mtu aliyeshindwa kujitawala, na anavyoumia kwa kushindwa huko. Wewe hujashindwa. Hujajaribu. Na aliyeumia hapa si wewe."

"Kwa hiyo ni mzima?" Mwanaisha akauliza.

"Ni mzima, mama."

"Mzima kabisa?"

"Kabisa."

Mwanaisha akajifunika uso kwa mtandio. Alilia bila sauti, mabega yanatikisika, na Bi Rebeka akazunguka meza akaenda kukaa upande wake. Mimi nikabaki upande wangu na leso yangu. Alipopata sauti alisema, "Kila sala nilikuwa naomba awe mgonjwa."

Ajabu ya dunia! Mke gani humwombea mumewe ugonjwa? Halafu mimi ndiye mbaya!

Kurudi hakunishika mkono. Alitembea mbele. Mara ya kwanza nagundua anatembea haraka kuliko mimi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kikao, baada ya sala. Walikuwepo Omari, Mwanaisha, Mzee Selemani jirani, ambaye kwanza kabisa alidai miwani yake, na Sheikh Rajabu wa msikiti wetu.

Nilikuwa na mpango, na bado nasema ulikuwa mpango bora. Mwanamke huropoka talaka akiwa na hasira, lakini akionyeshwa yenyewe hutetemeka. Basi nikawaacha waongee. Omari akaongea. Sheikh akanasihi, akaniuliza kama niko tayari kutubu na kuanza upya. Nikasema sijaja kuhojiwa tena, wiki hii nimehojiwa vya kutosha. Nikasimama. Nikasema, kwa sauti iliyofika kwa majirani: "Kama ni hivyo, naandika talaka sasa hivi!"

Nikasubiri atetemeke.

Mwanaisha akanipa kalamu.

Omari akatoa karatasi mfukoni. Alikuja nayo! Imekunjwa vizuri, haina mistari!

Sikuweza tena kurudi nyuma mbele ya watu. Nikaandika. Nimeandika polepole sana, ili apate muda wa kujuta. Jina langu lote mpaka la babu. Nikainua macho. Alikuwa anatoa uzi kwenye kidole. Nikaandika jina lake. Nikainua macho. Sheikh akaniambia nimesahau tarehe. Nikaandika tarehe, na mwaka, na mwaka wa Kiislamu, ambao ilibidi niulize. Hakuna aliyenizuia. Mzee Selemani alikuwa amevaa miwani yake na anafuatilia herufi.

Mwanaisha akaipokea, akaisoma yote, akaikunja. Akasema, "Ahsante, Baba Nasra." Kwa sauti ileile ya siku zote nikimletea samaki kutoka feri.

Sheikh akasema talaka ni moja, eda ipo, na mlango wa kurejeana upo watu wakitengenea. Mwanaisha akasema mlango huo kwa upande wake ameufunga, na kama kuna namna ya kuufunga kisheria ataomba aelekezwe. Sheikh akainamisha kichwa.

Omari alikuwa ameshaita bajaji. Nguo zangu mbele, magunia nyuma, mimi juu ya magunia. Nimepita Magomeni yote hivyo. Kinyozi akanipungia.

Jumapili, 20 Oktoba

Nanyamba. Kwa mama. Mikorosho kila upande, harufu ya mabibo mpaka ndani ya mto wa kulalia.

Mama alinipokea kwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na swali moja. "Nke kakuacha?" Nikamwambia hapana, mama, mimi ndiye niliyemwacha, kwa maandishi. Akaangalia uani. "Mbona mizigo unayo wewe?"

Uzee unamfanya mtu aseme ovyo.

Nimempigia Nasra shuleni kupitia simu ya matroni, nimweleze kabla hajasikia upande mmoja. Alikuwa ameshasikia. Alisema, "Sawa, baba." Nikamuuliza hana cha kuuliza? Akasema hana, anakwenda kusoma. Mtoto hana hisia, amemfuata mjomba wake.

Umair amepiga mara kadhaa wiki hii. Leo nimepokea kwa sababu sikuwa na kazi. Anaendelea na Bi Rebeka, akasema. Ni vigumu, ameanguka mara moja, lakini duka lilifunguliwa kila siku na mama yake ameshajua kwamba si uchawi. Akataka kujua mimi naendeleaje. Nikamwambia nimepona. Akasema Alhamdulillah, kaka, Alhamdulillah, na akaanza kulia kwa furaha yangu. Huyu kulia ndiyo kazi yake. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeshuka mjini kuuza magunia, nikapitia kliniki. Nilimwambia Bi Rebeka naomba matokeo yangu kwa maandishi. Akashangaa, akauliza ya nini. Nikasema nataka kuyasoma mara kwa mara. Akafurahi. Akasema ni dalili njema mtu akianza kutafakari, na kwamba mlango uko wazi nikitaka kuzungumza, si kwa ajili ya cheti bali kwa ajili yangu mwenyewe. Nikasema tutaona. Akaniandikia mistari miwili na kugonga muhuri.

Muhuri ni wa bluu, umekaa vizuri.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku njema! Anga safi, korosho zimeanguka nyingi, na mimi nimeanza upya.

Kuna mjane hapa Nanyamba, Bi Farida, mwenye shamba la mikorosho lililopakana na la mama, na nyumba ya bati yenye baraza pana. Mwanamke mtulivu, na anahitaji mtu wa magunia. Tumezungumza barazani kwake tangu asubuhi. Alikuwa na wasiwasi kidogo. Amesikia maneno kutoka mjini, kwamba mimi kwa wanawake sina breki. Watu wana midomo!

Sikubishana. Nilitoa karatasi nikampa asome. Imeandikwa: amepimwa na mtaalamu. Anao uwezo kamili wa kujizuia. Hana dalili zozote. Akaisoma, akapitisha kidole juu ya muhuri, akaisoma tena. Akasema katika wanaume wote waliowahi kuja pale barazani, hakuna aliyekuja na uthibitisho.

Kisha akauliza, kama mimi ni mzima kiasi hiki, mke alitaka nini zaidi? Nikamwambia ukweli mtupu, wala sikuongeza neno: alitaka mgonjwa. Bi Farida akatikisa kichwa. Akasema kuna wanawake hawana shukrani. Akanikaribisha chakula cha mchana.

Kesho naenda kumsaidia kuokota korosho. Pendo ametuma ujumbe kutoka Madimba, anauliza mbona kimya. Nimemjibu nimelazwa, hali si nzuri, asije kuniona.